Hita Mbili

Lita mia sita. Nimezijaza kwa ndoo,
ndoo thelathini kutoka simtanki la uani,
na Damari amesimama mlangoni, kitenge begani,
akihesabu kwa sauti, kama anayeandika deni.
Kwao Bahi maji yalikuwa ya foleni na ya punda.
"Samaki wasioliwa," akasema.
Hakuongeza neno.

Meza ni ya chuma, kazi ya Elieza wa Chang'ombe,
aliyeniuliza mara mbili kama nalaza jeneza.

Dukani Majengo, kijana Chilewa akashusha boksi:
"Hii inachuja lita elfu mbili kwa saa, mzee."
Nimekuwa karani wa ghala miaka ishirini na minane.
Namba ya kwenye boksi hupimwa bila mzigo,
bila sponji, bila mpira wa kupanda mita nzima;
ni ahadi ya bwana harusi kabla ya mahari.
Nikarudisha boksi.

Nikanunua pampu tupu, yenye nguvu,
nikaweka pipa la bluu chini ya meza:
sponji juu, kisha kokoto nyekundu zenye matundu,
debe mbili, nilizozichemsha jikoni siku Damari hayupo.
Maana kichujio si chujio la chai,
ukamaliza ukakikung'uta.
Hiki hufugwa.
Ndani ya kokoto mna zizi la vijidudu wasioonekana,
wanaokula uchafu wa samaki, wanapumua, wanazaana.
Wiki sita nilisubiri zizi lijae.
Ukiliosha kwa maji ya bomba yenye dawa
umechinja kundi zima kwa mkono mmoja.

Na maji yetu haya, yenye chumvi,
yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika,
tunayoyalaumu kila chai,
samaki wa mawe wa Kigoma wameyaonja
wakaona kwao.

Ilibaki baridi.
Julai hapa upepo haubishi hodi.
Usiku nyuzi kumi na tatu; wao wanataka ishirini na tano.
"Chukua hita moja ya wati mia sita," Chilewa akanishauri,
"bei nafuu."
Nikakumbuka ghala la Gungu:
kufuli moja, mlinzi mmoja, usingizi mmoja.
Nikachukua mbili za mia tatu.
Moja ikigoma kuzima, haina ubavu wa kuwapika.
Moja ikifa, nyingine itashikilia mpaka niamke.
Luku inakimbia vilevile.

Lakini umeme ukikatika
zinalala zote mbili.

Saa nane usiku nyumba ikanyamaza.
Sikuwa nimejua kwamba pampu ina sauti
mpaka ilipokosekana.
Nikakuta Damari yuko sebuleni na tochi,
blanketi la wageni, lile la sandukuni,
ameshalizungushia kioo.
Kiganja chake kilikuwa kwenye pembe iliyobaki wazi.
"Hao wa kwenye kokoto nao wanapumua?"
"Wanapumua."
Akachukua jagi.
Akachota juu, akamimina kwenye pipa kutoka kimo cha bega,
maji yabebe hewa. Mimi nikayarudisha kwa ndoo.
Akaanza kuhesabu tena.

Alfajiri taa nyekundu ya hita ya kwanza ikawaka,
halafu, kwa uvivu, ya pili.
Nyuzi ishirini na mbili na nusu.
Alikuwa amefika jagi la mia nne na kumi na mbili.
Akaenda kubandika chai.

Yule mwenye mistari ya njano amempa jina.
Nimemsikia akimwita.
Mimi bado hajaniambia.