Mahitaji ya Chini Kabisa

Kwanza, Eydun, vua hilo koti linalochuruzika.
Mashine haziogopi baridi, zinaogopa maji,
na chumba hiki kiko chini ya ngazi za shule ya zamani ya Klaksvik
kwa kuwa hatukupewa pengine.
Hapa mgeni hangoji siku ya tatu.
Jembe lako hili: kibodi iliyofutika herufi R.

Utaijenga kutoka kwenye msimbo chanzo.
Usiniulize kwa nini hatuchukui iliyokwisha kupikwa.
Chakula cha kopo kinashibisha, sikatai,
ila siku kikikuchafua tumbo
hujui ulaumu kiungo gani.

Basi uwe na kompaila, isiyo kongwe kama mimi
wala changa kama wewe.
Uwe na maktaba zake. Si ile ya Barba yenye paka mlangoni;
hizi ni za kusomea maneno ya mashine jirani.
Ikikosekana moja, ujenzi utagoma katikati
na kukutupia mistari arobaini ya malalamiko.
Soma wa kwanza tu.
Thelathini na tisa ni mwangwi.

Kumbukumbu: nyingi kuliko unavyodhani.
Foleni nzima ya upepo, mvua na mawimbi
hukaa humo bega kwa bega,
na ikijaa, aliyetangulia ndiye husukumwa nje.
Nami ndivyo nilivyo siku hizi.
Jina jipya likiingia, la zamani linaaga.

Usisakinishe ukiwa mzizi.
Fungua akaunti ya mtumishi
asiye na ufunguo wa nyumba nzima.
Haki za mzizi utaziomba mara moja, kwa ajili ya mlango mmoja,
kisha uzirudishe.
Nimeona walionogewa.

Anwani isiyohama.
Jina lijue namba, namba ilijue jina,
la sivyo Torshavn watakufungia, na watakuwa na haki.
Ukuta wa manispaa anaulinda Poul:
atakuambia tundu haliwezekani.
Mpelekee barua yenye muhuri,
na paja la kondoo lililokaushwa kwa upepo.
Litawezekana.

Saa nimeiacha mwisho, wala sikuisahau.

Februari ile, saa ya mashine hii ilikuwa nyuma
kwa dakika saba.
Nani hugombana na dakika saba?
Kipimaupepo cha barabara ya Vidareidi kilipiga kelele mapema,
na ujumbe wake ukafika hapa, mzima, haraka,
umegongwa muhuri wa dakika
ambayo mashine yetu iliamini haijazaliwa.
Ikaukataa kwa adabu.
Ikaandika daftarini mstari mmoja.
Mimi nilikuwa nachemsha kahawa.

Danjal alikuwa njiani na gari la posta.
Upepo uliliinua kama kifuniko cha sufuria.
Kwa wiki mbili watu walileta bahasha kutoka mabondeni,
wamezikausha juu ya majiko:
ankara za umeme, kadi ya harusi,
barua ya mtu aliyekwisha kufa.
Ripoti ilisema *hali ya hewa*.
Niliisaini. Kalamu haikusita.

Kwa hiyo, kabla ya kompaila, kabla ya diski, kabla ya lolote,
iunganishe saa na saa zinazojua,
tatu, si moja, maana moja ikidanganya
nani atashuhudia?
Kisha nenda kaitazame mwenyewe.
Kesho katazame tena.

Nyamaza. Unasikia?
Ngazi kumi na mbili, mguu mmoja ukifika,
halafu, baada ya muda, wa pili.
Ni Jumanne. Ni yeye, na barua zetu.
Miaka tisa anashuka hapa
na hajaniuliza kitu.

Mpokee wewe leo.
Hapana.
Kaa. Nipishe nipite.
Saa ngapi hapo kwenye kioo?
Isome kwa sauti, Eydun,
mpaka sekunde.