Vidole Vitatu

Ulianza kama vumbi la kahawia juu ya mchanga,
nikaukwangua kwa kadi ya simu iliyokwisha salio.
Wiki ya pili ukaota nywele,
za kijani, laini, zikichanwa na mkondo wa pampu
kama za mtu anayejiandaa kwenda harusini.

Lita sitini za bahari, Tabata Kimanga, sebuleni,
kati ya kabati la vyombo na redio.
Vipande viwili vya tumbawe kutoka kwa Hiyari,
vimekuja na kibali chao chenye muhuri.
Samaki wawili wa rangi ya chungwa.
Kaa mmoja mpangaji,
ndani ya gamba la marehemu asiyemdai kodi.

Nikalaumu jua.
Dirisha la mashariki nikalitundikia kanga,
maandishi yakawaelekea samaki: MSINISEME, NAJUA.
Taa nikaipunguza, kutoka saa kumi hadi sita.
Mwani haukujali.

Nikalaumu maji.
Kisima cha jirani kina mambo yake,
nikaanza kununua maji yaliyochujwa dukani kwa Mkunde
ya kujazia yale yanayoruka hewani,
maana chumvi hairuki. Chumvi hubaki, inasubiri.
Jumapili bajaji hadi Kunduchi, maji yakiwa yamejaa,
madumu manne, na dereva ananiuliza
kama nakwenda kumsongea jini ugali.

Mswaki wa zamani. Mpira wa kunyonyea uchafu.
Nauzungusha mwani vidoleni kama tambi,
natupa, nasuuza, natupa.
(Mpapai nilioumwagia maji yale umekufa.
Hilo nalo nimejifunza.)
Alhamisi, umerudi.

Kisha usiku mmoja umeme ukakatika
nami nikaamshwa na ukimya wa pampu.
Nikaenda na tochi.
Baba amesimama mbele ya kioo,
kopo la chakula mkononi, kifuniko mdomoni.

"Wanafumbua midomo tangu magharibi," akasema,
alipokwisha kukitema kifuniko.
"Mwenye njaa na adabu zake haombi. Unamtazama mdomo tu."

Miaka thelathini na mmoja alipika kantini ya reli.
Hakuwahi kupima kwa kijiko.
Chumvi, bizari, pilipili manga: vidole vitatu.
Na dawa ya presha humwamsha mara nne kwa usiku.
Akienda msalani, vidole vitatu.
Akirudi, vidole vitatu.
Nikapiga hesabu palepale gizani, nikaishiwa nguvu.

Samaki hajui kusema nimeshiba.
Kinachomshinda kinazama, kinaoza mchangani,
na mwani unajongea, unanawa, unakula.
Miezi mitatu nilikuwa nasugua
ukarimu wa baba yangu.

Sikumwambia neno.
Niliwasha pampu ndogo ya betri,
tukakaa sakafuni tukisikiliza mapovu hadi alfajiri.

Asubuhi nikatafuta kile kiboksi chake cha vidonge,
cha zamani, chenye vyumba saba,
nikatia chakula cha samaki, Jumamosi mpaka Ijumaa,
vidole viwili kila chumba. Vyangu, vyembamba.
"Hiki chao, hiki chako. Usije ukawapa wao ya presha."
Akacheka hadi akakohoa.
Nikampa na mswaki.

Sasa yeye ndiye msimamizi.
Anaita konokono kila asubuhi:
"Sita wako zamu. Mmoja mtoro."
Anakemea kaa kwa uzembe.
Jiwe la kati limeanza kuonyesha zambarau
ambayo sikujua kama ilikuwamo.

Nyuma ya pampu kimebaki kishungi kimoja cha kijani.
Nilitaka kuking'oa, akanishika mkono:
"Acha. Na konokono nao wapate staftahi."

Usiku mwingine bado nasikia kifuniko
kikifunguliwa taratibu, kwa wizi.
Sitoki kitandani. Nasikiliza.
Kidole kimoja, nadhani.
Kisha ndala zake zinarudi chumbani.