Nikatie Kingine

Kimefika saa mbili kasorobo, ndani ya kichupa cha fomalini,
uzi wa nyama, mwembamba kama tambi iliyovunjika,
urefu wake ukucha na nusu.
Kwenye karatasi: Etchegaray, Wilmar. Miaka hamsini na mmoja.
Fundi majokofu. Figo alipewa na dada yake, Mirtha,
miezi saba iliyopita.
Kreatini inapanda. Je, mwili unakataa?

Mimi si daktari. Mimi ni mkono.
Miaka ishirini na sita nakausha, nazamisha katika nta,
nangoja igande, nazungusha gurudumu la wembe
na vipande vinatoka vimeshikana kama utepe,
vyepesi hata pumzi yangu ni dhoruba kwao.
Nimejifunza kukata bila kupumua.
Naviacha vielee juu ya maji vuguvugu
kisha nakiingiza kioo chini yake, taratibu,
kama mtu anayeopoa utando wa maziwa.

Daktari Barreneche ameinamia hadubini.
Kibuyu chake cha yerba kimepoa pembeni.
Anahesabu kwa sauti, kama anayehesabu chenji:
vichujio kumi na viwili, vizima. Mishipa miwili, safi.
Halafu ananyamaza.
"Njoo uone, Nélida."

Natia jicho. Waridi, zambarau,
na mirija imezingirwa: chembe za duara, nyeusi kama mbegu za papai,
zimepenya ukuta, zimeingia chumbani kwa watu
bila hodi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hawakusema mwenyeji akishapona
humtazama vipi mgeni aliyekalia kiti chake.
Wakasema damu ni nzito kuliko maji.
Damu ya Wilmar haikuuliza jina la ukoo.

Simu inalia. Wodini wanataka neno moja.
Wakiambiwa "anakataa", dripu iko tayari,
dawa ya kuulaza mwili uache ubishi.
Daktari ameshika kalamu. Haandiki.
Anarudi ukingoni mwa kioo, kwenye mrija mmoja
ambao viini vyake vimevimba, vimeingia ukungu,
kama macho ya samaki wa jana.

"Nikatie kingine."
"Kimebaki kidogo, daktari."
"Hicho hicho kidogo."

Nakata. Wembe mpya.
Natia ile dawa ya rangi ya kahawia
isiyoshika ukuta wala damu, inayoshika virusi tu.
Saa mbili na nusu za kungoja. Ni Julai, Montevideo ina baridi,
mabasi yanapita yamewasha taa mchana.
Huenda Mirtha yuko kwenye benchi la ghorofa ya nne,
huenda anasugua sakafu ya mtu; sijui.
Sijawahi kuwaona. Ninaowajua
nawajua kwa unene wa mikroni tatu.

Kahawia. Kiini kimoja. Vitano.
Kisha kundi zima, madoa ya kahawa kwenye kitambaa cheupe cha meza.

Kumbe hawakuja kumfukuza mgeni.
Walikuja kumsaka mwizi
aliyelala miaka mingi ndani ya mfuko wa mgeni,
akaamka tulipowafumba macho wenye nyumba.
Na ile dripu ingewafunga na mikono,
ikamwachia mwizi funguo.

"Msiongeze," daktari anasema kwenye simu. "Punguzeni."
Upande wa pili, kimya.
"Ndiyo, nimesoma fomu. Punguzeni.
Na damu yake niione kila wiki,
maana tukiwaachia wenyeji wamkamate mwizi
wanaweza kumtupa nje na mgeni."
Hasemi lipi litatangulia. Hajui.

Nafuta wembe. Ndani ya nta umebaki unyoya wa nyama,
hautoshi swali lingine.
Naandika namba yake kwa penseli, namlaza droo ya tatu,
kati ya mwanamke wa Salto na kijana wa Rocha,
kisha nakwenda kuchemsha maji ya yerba.
Yale ya daktari yamepoa tangu saa nne.