Kukunja Shuka

Saa nane za usiku mjini Roscoff, na mvua ya Bretania
inakwaruza dirisha la maabara.
Soazig ameinamia hadubini.
Chini ya kioo, yai la yule mnyama wa miambani,
wa mviringo, wa miiba, achomaye nyayo za waogaji.
Lilipata mbegu saa moja iliyopita
na sasa linajiandaa kuwa mawili.

Katikati yake, pia.
Si ile ya watoto kuchezea uani: pia ya nyuzi,
imechongoka huku na huku, inang'aa
kama maji ndani ya maji.

"Imetulia," anasema Loeiz, mwanafunzi mgeni.
Imetulia! Soazig anacheka kwa pua.
Kila uzi unaouona, kijana, haujatimiza dakika:
huku katikati unaongezwa, kule nchani unamumunyuka,
matofali yanatembea, ukuta unabaki.
Wapo wapagazi wanaosukuma ncha zitengane,
wapo wanaozivuta zikaribiane,
hakuna anayeshinda,
na kutoshinda huko ndiko umbo.
Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Hiki hata sasa kinaundwa.

Anapitisha maji ya bahari yaliyolala barafuni.
Pia inafifia. Inayeyuka kama chumvi,
na kromosomu zimeachwa gizani
kama wageni wa harusi umeme ulipokatika.
Loeiz amebana pumzi.
Sasa maji ya vuguvugu. Ngoja.
Ngoja.
Mng'ao unarudi, uzi kwa uzi,
na hakuna aliyeuita.

Mama yake alikuwa dobi wa hoteli ya bandarini,
kila Jumatatu shuka thelathini za kitani.
Shika ncha zako, Soazig. Vuta. Nami navuta.
Usipovuta nitajuaje kama umeshika?

Hivyo ndivyo seli inavyojua:
mkono wa upande huu, mkono wa upande ule,
na baina yao mkazo.
Kromosomu ikikamatwa na upande mmoja tu
shuka hulegea,
na seli huufungua mshiko: haya, tena.
Hata moja ikibaki haijashikwa
zote hungoja. Hakuna aulizwaye ana haraka gani.

Loeiz amekwenda zake na baiskeli, amelowa.
Yai limekuwa mawili,
na mawili yale yameanza kusokota nyuzi zao
bila kupumzika hata kidogo, wapumbavu wale.

Nyumbani shuka imekauka juu ya kipasha joto.
Ni ile ya mwisho yenye alama ya hoteli, nyekundu, pembeni.
Soazig anafunga ncha mbili kwenye kitasa cha mlango,
anarudi kinyumenyume hadi jikoni, anavuta.
Kitasa kimeshika, hakika.
Lakini hakivuti.
Anaikunja hivyo hivyo, kombo,
anaiweka kabatini.