Tumbo Halijahama

Mwalo wa Kibirizi ulimlea
kwa vichwa vya migebuka
na dagaa waliomwagika mchangani.

Kwangu Mwanga, usiku wa kwanza,
nikampa ugali wa muhogo na maziwa.
Akala kama mgeni aonaye haya kukataa,
kisha akaharisha hadi kwenye viatu vya Ntabaye.

Ntabaye, aliyewahi kutibu ng'ombe Kasulu,
alifuta kiatu, akasema:
"Umemhamisha mbwa. Tumbo hujalihamisha."

Basi nikashuka mwaloni na kopo la Kimbo,
nikaomba vichwa.
Kopo zima la samaki, tonge moja la ugali.
Keshokutwa matonge mawili.
Wiki ya pili ziwa limebaki kijiko tu
ndani ya sufuria.

Leo karamba sahani,
kalala kizingitini:
kichwa ndani,
mkia bado umeelekea ziwani.