Mwenye Shoto

Leominster, Jumamosi, manyunyu ya Februari,
nami nimenunua upanga usiokata.

Pauni mia nne na ishirini, jasho la zamu za usiku,
mnadani nyuma ya Mtaa wa Etnam,
kati ya birika la shaba na kiti kilichopungukiwa mguu.
Kikaratasi kilisema: *Upanga, pengine wa Kifaransa.*
Hilo "pengine" ndilo lililoninyoosha mkono.

Bi Hesper Eckley, aliyechonga meno ya bandia miaka arobaini,
anaulaza juu ya gazeti, anapachika lenzi jichoni,
anaugonga kwa ukucha na kusikiliza
kama mtu anayechagua nazi.

Pembe tatu. Kila ubavu umechimbwa mfereji,
ndiyo maana ni mwepesi kuliko mwiko wangu.
Kwetu, mshika makali hukatika.
Huu ungeushika popote usichubuke,
kisha ukuue kwa tundu dogo kuliko kifungo cha shati.

Chini ya mpini, pete mbili.
Wafaransa huziita hatua ya punda;
punda yupi, Hesper hajui, wala mimi.
Zamani vidole vilipita humo. Miaka ikasonga, pete zikanywea,
zikabaki pambo, kama mifuko ya koti iliyoshonwa mdomo.
Kidole changu cha mwisho kinaingia hadi kiungo cha kwanza.
"Katikati ya karne ya kumi na nane," anasema. "Kwa kubahatisha."

Muhuri wa fedha: herufi chini ya taji,
imelika, imebaki punje ya mchele.
"Paris. Au mtu aliyetaka tuseme Paris."

Halafu anafika kichwani, kwenye ribiti,
na kimya chake kinabadilika.
Tupasi. Mikwaruzo mipya.
"Ulifunguliwa. Mwili wa huyu, mpini wa yule.
Sisi huita ndoa."
Tena bila mahari, nasema.
Inabidi nimweleze mahari. Chai inapoa,
na nusu ya pesa yangu inapoa nayo.

Ila makombe mawili ya kukinga mkono:
moja lina ndege, zumari, utepe, hata kucha za ndege zahesabika.
La pili limesuguliwa likawa laini kama sabuni.
"Koti," anasema Hesper. "Upanga huning'inia nyonga ya kushoto,
kombe la ndani likalambwa na koti."
Anaugeuza. Anaugeuza tena.
"Lakini hili ni la nje."

Mimi nilishaona.
Nausimamisha, nauweka nyongani, kulia,
nauchomoa kwa mkono ambao bibi, Pangani,
aliufunga kwa ukanda wa kaniki kila wakati wa kula,
mkono ambao rula ya Mwalimu Mhina ilijua kila kifundo chake.
Nyaya za mpini zimebonyea.
Dole gumba langu linakuta shimo lake, linatulia.

Hatuna jina. Hatuna mwaka.
Hatujui kama aliwahi kumtoboa mtu
au alichoma hewa tu mbele ya kioo.
Kulikuwa na mama yake pia, na kitambaa,
na fundo ambalo halikukaza.

Saa kumi na nusu, basi la Hereford.
Nimeuviringisha kwenye taulo la kuogea, kamba tatu.
Dereva anautazama: "Mwavuli?"
Mvua inanitiririka shingoni.
Mwavuli, nasema,
nikiwa nimeukumbatia kushoto.