Mstari wa Mia Mbili na Tatu

Velta, wamebadilisha programu.
Halmashauri ilipiga kura Oktoba, mikono saba kwa miwili:
leseni ni ghali, ya bure ipo, tuhame.
Kuhama ni neno jepesi
kwa asiyebeba vyombo.

Nikafungua faili lako la bili za joto,
majengo kumi na moja, fleti mia tatu na nane,
Aizpute yote ya ng'ambo ya mto
imepangwa safu kwa safu kama soksi kwenye droo.
Rangi zilifika. Mipaka ilifika.
Hesabu zikagoma.

Kwanza mkato: wewe uliandika 4,75
mashine ikasoma mia nne sabini na tano,
na bwana Gundars wa ghorofa ya chini
kwa siku moja akadaiwa thamani ya nyumba yake.
(Alicheka. Mkewe hakucheka.)
Hilo nililirekebisha kabla chai haijapoa.

Kisha makro.
Kitufe chako cha kijani, ulichokichora mwenyewe,
nilikibonyeza, kikanyamaza,
kikatema kijisanduku: hitilafu, mstari wa 203.
Nikataka kuuona huo mstari.
Faili likaniuliza nenosiri.

Nilijaribu jina la paka wako. Mwaka wa ndoa yako.
Jina la mto, kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo.
Nikajaribu hata "nenosiri", maana watu ni watu.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata iko nyumba ya wazee, chumba cha sita,
haikumbuki tena mtungi uliwekwa wapi.

Nilikuja Jumapili na mkate mweusi.
Uliniita Biruta, jina la dada yako. Nikaitika.
Nilikuuliza neno, ukanipa habari za bata.
Basi nikakuwekea kibodi mapajani,
ile yako ya zamani, herufi A imefutika,
na vidole, mimi ni shahidi,
vidole vikakumbuka peke yao,
mara tisa, upesi,
kama mtu afungaye vifungo vya koti gizani.
Wewe ulikuwa unatazama dirishani.

Mstari wa 203, kumbe:
kama fleti ni 14, au 61, au 207,
na mwezi uko kabla ya Aprili,
deni lisiwe jekundu.
Na juu yake umeandika, kama unayemwachia jirani ufunguo:
"Barua ya kukata joto isitoke theluji ikiwa chini. Watalipa. Hulipa."
Miaka kumi na tisa.
Nimekagua. Wa 61 aliwahi kuchelewa hadi Juni.
Alilipa.

Mkaguzi anataka karatasi zote ziwe wazi,
kila fomula na mwenyewe.
Huu ni usiku wa tatu nimekaa na mstari wako.
Kuuhamishia lugha mpya ni kazi ya dakika ishirini:
amri tatu zina majina mengine,
moja haina hata ndugu.
Kazi ni mahali pa kuuweka.
Ukifichwa, ni huruma inayoishi
kadiri vidole vya mtu mmoja vinavyoishi.
Ukifunuliwa, kuna mtu atauliza kwa nini 14 na si yeye,
na atakuwa na haki.

Nimeuweka karatasi ya kwanza, juu kabisa.
Namba tatu nimezifuta. Nimeandika: fleti yoyote.
Kusoma, wote.
Kuhariri, mimi na Raitis wa boila,
ambaye huishika kipanya kama spana.
Nenosiri jipya liko kwenye bahasha, kabati la chuma,
na bahasha ina jina lako, nisamehe,
sikupata jina jingine.

Halmashauri inakaa Alhamisi. Wanaweza kuagiza ufutwe.
Nje ni nyuzi kumi na nne chini ya sifuri
na ni Jumanne tu.
Nimekibonyeza kitufe chako, kimepinda kidogo safarini,
na printa imeanza kukohoa bili,
ya kwanza, ya pili,
ya kumi na nne, nyeusi kwa nyeupe.